Jinsi ya Kutimiza Malengo ya Maisha kwa Mabega ya Wenzako

Moshi ni mji mdogo, lakini sijui mji mwingine Tanzania unaopokea watu wenye malengo kwa wingi kiasi hiki. Asubuhi utawaona nje ya hoteli, buti mpya ambazo hazijashika hata vumbi, chupa ya maji kiunoni, shingo zimepinda kuangalia juu, wanauliza mlima uko wapi. Mlima uko palepale, nyuma ya wingu, utatoka jioni. Wamevuka bahari kuja kuweka alama ya vema kwenye mstari mmoja wa karatasi: kupanda Kilimanjaro.

Pembeni yao, juu ya pikipiki, amekaa kijana wa Kibosho anayeuona mlima huo tangu akiwa mgongoni kwa mama yake, na hajawahi kufika hata getini. Naye ana orodha. Ada ya mtoto Januari, mabati ya nyumba, mchango wa harusi ya binamu, bima ya pikipiki. Mgeni orodha yake kaiandika mwenyewe. Ya kijana iliandikwa na ukoo, yeye kakabidhiwa tu.

Mwongozo huu ni wa wote wawili. Vitabu vya kuhamasisha vinavyouzwa stendi hudai kwamba mtu hufika kileleni kwa juhudi zake mwenyewe. Anayeishi huku anajua kwamba waliofika hivyo ni wa kuhesabu kwa vidole. Siri ni kupata watu wa kukubebea, kisha kuhakikisha hawaonekani kwenye picha. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake.

Vifaa vinavyohitajika

Kaunta buku moja la jalada gumu. Kalamu mbili, ya bluu ya kuandikia malengo na nyekundu ya kuwekea vema. Mama mmoja mwenye kumbukumbu nzuri. Ndugu wasiopungua kumi wenye salio kwenye simu. Kikoba kinachokopesha bila maswali mengi. Na ndoo ya mbege, kwa ajili ya mazungumzo yale ambayo kalamu haiwezi kuyamaliza.

Hatua ya kwanza: Andika orodha kabla hujajua bei ya vitu

Bingwa wa fani hii ni Mmarekani John Goddard. Mwaka 1940, akiwa na miaka 15, alikaa jikoni kwao Los Angeles akaandika malengo 127. Kuufuata mto Nile. Kuogelea katika Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika. Kusoma Biblia yote. Kuchapa maneno 50 kwa dakika. Kupanda milima chungu nzima, Kilimanjaro ukiwemo. Karibu na mwisho akaweka kwenda mwezini, Mungu akipenda, na kuoa na kupata watoto. Nile aliushuka kwa mtumbwi mwanzoni mwa miaka ya 1950, Kilimanjaro akaupanda, na alipofariki mwaka 2013 alikuwa amepiga vema zaidi ya 100. Mwezini Mungu hakupenda.

Isome orodha hiyo kwa makini uone kilichokosekana. Mistari 127, na hakuna hata mmoja wa kumalizia ada ya mdogo wake. Hakuna mabati. Hakuna mjomba. Huo ndio uhuru wa mtu aliyeandika jikoni bila mama yake kuchungulia.

Mtoto wa huku akipewa kazi hiyo shuleni huandika mstari mmoja: kuwa daktari. Si uvivu. Ameshaambiwa kwamba mingine itaongezwa kadiri atakavyofaulu. Na huo mmoja una wabebaji tangu enzi za babu. Wakulima wa kahawa wa mlima huu waliunda umoja wao mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika ambacho jengo lake bado limesimama katikati ya mji. Buni ilichumwa chini ya migomba, ikamenywa, ikaoshwa, ikaanikwa, kisha bibi akaipeleka chama cha msingi ikapandishwa kwenye mizani. Malipo yalipokuja yalipita mkononi mwake kama mgeni wa njiani, yakaenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu.

Kwa hiyo ukiulizwa umesoma vipi, jibu: "Nilijituma." Kahawa haitabisha.

Hatua ya pili: Weka mlima namba moja, halafu usiupande

Hatua hii ni maalumu kwa wenyeji. Kila mtu aliyezaliwa kati ya Siha na Rombo anapaswa kuwa na mstari wa kupanda mlima, na anapaswa kuuhamisha kila mwaka kwenda mwaka unaofuata. Usitoe kisingizio cha gharama, maana utakamatwa: Mtanzania hulipa kiingilio cha hifadhi kwa shilingi, na ni kidogo mno ukilinganisha na dola anazolipa mgeni. Na usiseme huna wenzako wa kupanda nao. Kila inapokaribia tarehe 9 Desemba huondoka misafara ya wazalendo kwenda kuadhimisha Uhuru kileleni, kumfuata Luteni Alexander Nyirenda, aliyesimika bendera na Mwenge kule juu usiku wa kuamkia siku hiyo mwaka 1961.

Visingizio vinavyokubalika ni vitatu: goti, ada, na "mlima hauhami". Hicho cha tatu ndicho bora, kwa sababu ni kweli.

Ikitokea umeishiwa visingizio, chagua njia. Ya Marangu ina vibanda vya kulala: Mandara, mita 2,720, Horombo, 3,720, Kibo, 4,720. Kwa starehe hiyo wameibandika jina la Coca-Cola. Ya Machame unalala kwenye hema na unapanda na kushuka mabonde mpaka ukumbuke dhambi zako, nayo wameiita Whisky. Ya Umbwe ni kwa watu waliogombana na magoti yao. Zote zinaishia mita 5,895, mahali ambapo oksijeni unayovuta ni takribani nusu ya ile ya Tanga. Kuzaliwa Old Moshi hakukupi punguzo. Kichwa cha Mchaga huuma kule juu sawasawa na cha Mdachi, ila Mchaga huona aibu kukiri.

Hatua ya tatu: Kutana na watakaokubebea

Simama geti la Machame saa tatu asubuhi. Usiangalie wageni, wao wanapakana mafuta ya jua. Angalia kwenye mizani. Wagumu, hivyo ndivyo wapagazi wa mlima huu wanavyoitana, wamepanga foleni, kila mmoja na furushi lake, na mkaguzi anatundika mzigo mmoja baada ya mwingine. Kiwango ni kilo 20 kwa mtu. Furushi likizidi, linafunguliwa palepale: gunia la viazi linahamia kwa mwenzake, mtungi wa gesi unatafuta kichwa kingine. Mmoja kakamata trei za mayai, amezifunga kamba pande nne na atazishika mkononi mpaka kambini. Mwingine amebeba meza na viti vya kukunja. Mwingine amebeba choo. Ndiyo, choo cha kubebeka, na ni kazi inayojitegemea: kupanda nacho, kukisimamisha, kukisafisha, kushuka nacho.

Sasa fuatilia siku yao. Mgeni anaondoka kambini wa kwanza, mwepesi, na kibegi chenye maji na sweta. Wagumu wanabaki kung'oa mahema, kuosha sufuria, kufunga mizigo. Kabla ya adhuhuri wanampita njiani, furushi kichwani, wanamwambia "pole pole" kwa adabu. Anapofika kambini jioni, hema lake limesimama, maji ya moto ya kunawa yako kwenye beseni, na mezani kuna chai na bisi. Bisi zilizokaangwa mita 3,800 juu ya usawa wa bahari! Anazila, anashusha pumzi, anaandika kwenye daftari lake kwamba leo amejishinda mwenyewe.

Hapa ndipo penye ufundi wote. Ukimuuliza mgumu kwa nini yuko mlimani wakati mvua inanyesha, hatakuambia kuhusu kujishinda. Atakuambia kuhusu ada, au mabati, au mtoto aliyelazwa hospitali ya KCMC. Naye ana mistari yake, na ili auwekee vema mmoja lazima kwanza akuwekee wewe wa kwako. Orodha imebebeshwa juu ya orodha, na ya chini ndiyo yenye kilo 20.

Wapo wanaojaribu kuharibu utaratibu huu. Moshi kuna mradi wa kutetea wapagazi, umekuwepo tangu 2003, unaowaazima wagumu nguo za baridi bure na kuzichunguza kampuni kama zinawalipa na kuwalisha ipasavyo. Mwanafunzi mzuri wa mwongozo huu hataki kujua mambo hayo. Akiyajua, itabidi achague kampuni kwa kuuliza wagumu wanalala wapi, na swali hilo huongeza bei.

Hatua ya nne: Piga picha

Safari ya kileleni huanza karibu saa sita usiku, ili jua likukute juu. Unapanda kwenye changarawe gizani, taa kichwani, mwongozaji mbele, msaidizi wake nyuma, na mara nyingi huyo wa nyuma ndiye anayekubebea kile kibegi cha maji na sweta. Usiwe na wasiwasi. Mkifika atakurudishia, uvae mgongoni, ndipo mpige picha.

Ukiishiwa nguvu ukingoni mwa kreta, bado hujakosa. Waliofika Gilman's Point au Stella Point wana cheti chao, na waliofika Uhuru wana cha kwao. Vyeti vyote vina nafasi ya jina moja.

Umuhimu wa ushahidi alijifunza Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyetoka Rabai, karibu na Mombasa, akauona mlima Mei 1848. Aliandika kwamba kuna theluji karibu na ikweta. Wajuzi wa jiografia London, ambao hawajawahi kufika, wakamwambia macho yake yamemdanganya, na ubishi ukaendelea kwa miaka. Hakuwa na picha. Alikuwa na kiongozi wa msafara, Bwana Kheri, aliyeijua njia na angeweza kuwaeleza mengi, lakini London hawakuona haja ya kumuuliza.

Hans Meyer alikuwa mwerevu zaidi. Mwaka 1887 barafu ilimshinda. Mwaka 1888 watu wa Abushiri, waliokuwa wakipigana na Wajerumani pwani, walimkamata kabla hajafika, wakamtia minyororo mpaka akalipa fidia. Tarehe 6 Oktoba 1889 akafika juu na mwenzake Ludwig Purtscheller, akakipa kilele jina la mfalme wake, akashuka na jiwe akampelekea Kaiser. Vitabu vikapiga vema: wa kwanza, Meyer, wa pili, Purtscheller. Wapagazi na mpishi waliowatoa chini mpaka kwenye ukingo wa baridi wakaingia kwenye fungu la "na wengineo". Marangu humtaja Yohani Kinyala Lauwo kuwa kijana aliyewaonyesha njia. Aliendelea kuishi kijijini, na ilipofika sherehe ya miaka 100, mwaka 1989, waandaaji ndipo wakagundua kwamba kuna mzee wa kukumbukwa. Alifariki 1996, waliomhesabia umri walimpa zaidi ya miaka 120. Kwa hiyo ukitaka jina lako lije kuandikwa huku ukiwa umebeba mzigo wa mtu, mbinu ni rahisi: ishi sana.

Wewe huna haja ya kusubiri. Tangu Agosti 2022 intaneti ya kasi ya TTCL ilipofikishwa Horombo, mtu anaweza kutangaza ushindi wake kabla hata hajaupata. Andika: "Hakuna lisilowezekana ukijiamini." Kama kuna mkono wa mgumu umeingia kwenye picha, simu yako ina sehemu ya kukata.

Hatua ya tano: Shuka ukaguliwe

Mlima ni mstari mmoja tu. Baada ya hapo inakuja Desemba, na Desemba ndiyo mitihani.

Kila mwaka wanaukoo hutoka Dar es Salaam, Mwanza, Mbeya na kwingineko kurudi kula Krismasi nyumbani. Mabasi ya Mbezi hujaa wiki kadhaa kabla, na treni, iliyoanza tena kuleta abiria Moshi Desemba 2019 baada ya kulala kwa miaka mingi, hujaa pia. Barabara za kijijini ambazo mwezi Agosti hupitwa na mbuzi peke yao, sasa zina foleni ya magari yenye vioo vyeusi. Mbege imeiva, mbuzi amechinjwa, machalari yako jikoni. Na kwenye kigoda, chini ya mgomba, amekaa mkaguzi mkuu: shangazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Umefika?"

"Nimefika."

"Nyumba imefikia wapi?"

"Kwenye lenta, shangazi."

"Mwaka jana ilikuwa wapi?"

"Kwenye lenta."

"Haya. Kula, machalari yatapoa."

Ukaguzi umekwisha, na hakuna rufaa. Usijaribu kumwonyesha picha ya kileleni. Ataitazama, atasema pole kwa baridi, atarudi kwenye lenta. Shangazi anajua kwamba kihambani, kwenye shamba la ukoo, ambako babu na bibi wamelala chini ya migomba, mtu hupimwa kwa alichokijenga penye udongo huo. Nyumba ya kupanga Sinza, hata iwe na lifti, haimo kwenye mtaala wake.

Namna ya kujenga kwa mabega ya wenzako ni hii. Tuma hela kwa simu, halafu mwachie mama. Yeye ndiye atakayehesabu mifuko ya saruji ikishushwa na kuihesabu tena asubuhi. Yeye atampikia fundi, atamsikiliza fundi, atamkatalia fundi anapotaka malipo ya awamu ya tatu wakati ya pili haijaisha. Mdogo wako atalala kwenye boma lisilo na paa kulinda nondo. Jirani ataruhusu maji ya mfongo, ule mfereji uliochimbwa na wazee, yapitie kwenu siku ya kumwaga zege, ingawa zamu ni yake. Ukija Desemba, tembea uani, mikono nyuma, gonga ukuta kwa kiganja, useme: "Nimejenga kwa shida sana."

Mama atatikisa kichwa kukubali. Shida anaijua.

Hatua ya sita: Oa au olewa, kwa gharama za wafanyakazi wenzake mjomba

Kwenye madaftari ya wengi mstari huu huandikwa "kufunga ndoa na kuanzisha familia yangu". Hilo "yangu" ni utani. Siku ile utakapotangaza tarehe, litafunguliwa kundi la WhatsApp, atapatikana mwenyekiti, katibu na mhasibu, na ndani ya saa moja utajikuta wewe ndiye mwanakamati asiye na sauti.

Mhasibu ndiye mtu wa kumtazama. Kila jioni anatuma orodha: jina, ahadi, kilicholipwa, salio. Aliyemaliza anawekewa vema ya kijani. Asiyelipa anawekewa neno "bado", na neno hilo hurudi kila jioni, mbele ya shemeji zake, mpaka aone afadhali akope. Hii ndiyo orodha pekee niijuayo inayokamilika kwa tarehe iliyopangwa. Goddard angekuwa na mhasibu wa kamati, angefika mwezini.

Siku ya sherehe ndafu itaingia ukumbini kwa shangwe, mbuzi mzima wa kuchoma, amesimamishwa kwenye sinia na majani mdomoni, utakata vipande uwalishe wakwe. Amenunuliwa na mtu asiyekujua, anayefanya kazi ofisi moja na mjomba wako, ambaye mjomba alimchangia mwaka juzi. Wewe sema kwenye kipaza sauti: "Leo nimetimiza ndoto yangu."

Hatua ya saba: Ukikosa mlima, kimbia kwenye mji

Wasio na wiki nzima ya kupanda wana mbio za Kilimanjaro, zinazofanyika Moshi tangu 2003, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, yaani pale ambapo ada ya Januari imeshakula kila kitu na mtu hana la kufanya isipokuwa kukimbia. Zipo kilomita 42, 21 na 5. Njia inapanda kuelekea Mweka, ndipo utakapojua kwamba Moshi si tambarare, kisha inarudi uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika. Chagua kilomita 5, tembea na marafiki, vaa fulana mwaka mzima. Fulana haitaji kilomita.

Hatua ya nane: Ukichelewa, jifunze kwa barafu

Kuna wageni wanaokimbilia huku kwa hofu kwamba theluji itaisha kabla hawajaiwekea vema. Hofu ina msingi: zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyopimwa mwaka 1912 imekwisha. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walitabiri kwamba yote itakuwa imetoweka kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita, na kipande kilichobaki bado kipo, kinakonda taratibu. Mwaka 2022 UNESCO ikaipangia tarehe nyingine, 2050.

Ukiulizwa na shangazi kuhusu lenta, mweleze habari hizi. Hazitakusaidia, lakini utakuwa umeongea kitu cha maana.

Maswali ya wasomaji

Je, hakuna kabisa aliyefanya peke yake?

Yupo. Simon Mtuy, mwenyeji wa mlima huu, mwaka 2006 alipanda kwa njia ya Umbwe na kushuka kwa Mweka katika muda usiofika saa 10, akijibebea maji na chakula chake. Alikuwa ameshapanda mlima huo mara nyingi mno akiwaongoza watu wengine. Ndiyo maana hatumtumii kufundishia: ukianza kumsifu, wanafunzi watataka kujua alikojifunzia, na jibu litaturudisha kwa wagumu.

Nimeshindwa kulipa ahadi yangu ya harusi. Nifanyeje?

Mila ya Wachaga imekuandalia njia. Chukua jani la sale, nenda nalo kwa uliyemkosea. Akilipokea, shauri limekwisha, na kulikataa ni jambo zito. Wahasibu wa siku hizi hulipokea kwa heshima zote, kisha hukukumbusha namba ya kutuma.

Nimkumbuke vipi mgumu aliyenibebea?

Hesabu bakshishi mapema ukiwa bado chini, wakati kichwa hakijauma, na umkabidhi mwenyewe mkononi. Samahani, hilo lilikuwa jibu la mwongozo mwingine. Sisi tunapendekeza usahau jina lake ukifika uwanja wa ndege.

Nimefuata hatua zote, nyumba bado iko kwenye lenta. Kuna njia ya uhakika?

Ipo moja, na haijawahi kushindwa. Kufa.

Siku hiyohiyo kamati itakaa Dar es Salaam na nyingine itakaa kijijini. Kwa kuwa ni lazima urudishwe kihambani, na kwa kuwa wageni hawawezi kufikia kwenye nyumba isiyo na paa, mabati yatapatikana kesho yake. Fundi aliyekuwa hapokei simu atakuja na vijana sita. Siku ya pili nyumba imepauliwa. Siku ya tatu madirisha, rangi ya mbele, na umeme wa kuvuta kwa jirani. Njia ya gari itachongwa na kumwagwa kifusi mpaka mlangoni. Mhasibu atatuma orodha kila jioni, na hakutakuwa na "bado" hata moja. Watu watazidisha ahadi. Siku ya nne shangazi ataingia sebuleni, ataangalia juu, ataridhika. Msoma wasifu atasimama aseme marehemu alikuwa mtu wa kujitegemea, alijenga kwa jasho lake.

Ubaya wa njia hii ni kwamba picha utapigwa ukiwa umelala. Kama ungependa kuuona upenu wa nyumba hiyo ungali na macho, wafuate watu walewale, mwenyekiti yuleyule na mhasibu yuleyule, uwaombe sasa. Watakusikiliza. Ila kwanza fungua makundi yote uliyonyamazisha kwenye simu, utafute jina lako, ulipe. Mhasibu anapokea mitandao yote, na makato ni juu yako.